Mke yuko Ilemela, mume yuko ng'ambo: nikaha, cheti cha ndoa na viza ya mwenza



 

Miongoni mwa maswali ya ndoa yanayotufikia, yamo yanayotoka Ilemela, Mwanza. Mwenye kuijua Ilemela hashangai. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko huko, na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, liko huko pia. Wafanyabiashara wa Kongo, Burundi, Rwanda na Uganda huja kufuata dagaa na samaki wakavu, kama vile Wakongo hao hao wanavyofika kwetu Unguja kununua dagaa wa baharini. Vijana wetu wa visiwani wamehamia kule kwa biashara, wameoa kule, na dada zao wameolewa kule. Panapokutana watu wa nchi mbalimbali hapakosi posa, na posa ikishapokelewa huja suala la mpaka: nani atamfuata mwenzake, kwa karatasi gani, na serikali ya nchi ile itaitambua nikaha yetu au haitaitambua?

Swali moja limekusanya mengi ya haya, nasi tutalifanya msingi wa maelezo. Binti wa Ilemela ameolewa na kijana mwenye asili ya Pemba anayeishi Uingereza na ana paspoti ya huko. Nikaha ilifungwa nyumbani kwa baba wa binti, walii na mashahidi wawili wakiwepo, mahari yakatajwa na yakatolewa. Mume alirudi kazini baada ya wiki tatu. Mwaka wa pili huu mke yuko kwao anasubiri viza, na walipokwenda kuomba wameambiwa hawana cheti cha ndoa. Jee, ndoa ipo au haipo? Na wafanye nini?

Ndoa ipo. Nikaha iliyotimiza nguzo zake, yaani mume, mke asiye na kizuizi, walii, mashahidi wawili waadilifu, na ijabu na kabuli, ni ndoa mbele ya Allah (S.W.), na karatasi si nguzo. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ndiyo inayotumika Tanzania Bara, haisemi kuwa ndoa imebatilika kwa sababu tu haikuandikishwa. Lakini afisa wa viza hakuwepo nyumbani kwa baba wa binti. Hamjui walii wala hawajui mashahidi. Anachokijua ni hati iliyotolewa na mamlaka ya nchi ambako ndoa ilifungwa. Allah (S.W.) ametuamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 282, tuandike deni la muda, nayo ni mali tu. Basi mkataba unaohalalisha tupu, unaothibitisha nasaba na unaorithisha, una haki zaidi ya kuandikwa. Sisi tunaona kwamba katika zama hizi walii anayemwoza binti yake kwa mtu wa nchi nyingine bila kuhakikisha ndoa imeandikishwa amefanya uzembe katika amana aliyopewa, japo nikaha yake ni sahihi.

Cheti kinatoka wapi

Hapa watu wa visiwani hukosea mara nyingi, kwa sababu tumezoea mambo yetu. Zanzibar ndoa za Waislamu zina sheria yake ya usajili, Mahkama ya Kadhi inafanya kazi kwa sheria (ya sasa ni Namba 9 ya mwaka 2017), na matukio ya kuzaliwa, ndoa, talaka na kifo yanasajiliwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Bara hali si hiyo. Usajili wa ndoa uko chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na kadhi au imamu anayeozesha anatakiwa awe na leseni ya kufungisha ndoa kutoka kwa Msajili Mkuu. Sheikh anaweza kuwa mwanachuoni mkubwa aliyesomesha watu arubaini, lakini kama hana leseni na kitabu cha vyeti, nikaha atakayoifunga haitazaa cheti siku ile.

Na linaloangaliwa ni mahali ndoa ilipofungwa. Bwana harusi wa Wete akioa Ilemela, ndoa yake ni ya Bara na cheti chake ni cha Bara. Haifai kurudi Pemba na kutafuta cheti kinachosema ndoa ilifungwa Pemba. Huo ni ushahidi wa uongo, na ushahidi wa uongo umo katika madhambi makubwa.

Utaratibu wa Bara unataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla ya ndoa, ili mwenye pingamizi alete. Ipo leseni maalumu ya kupunguza muda huo, lakini si ya kuitegemea. Kijana anayekuja likizo ya wiki mbili kutoka London ajue hesabu hii kabla ya kukata tiketi. Walii aanze mapema ofisi ya Mkuu wa Wilaya au kwa kadhi mwenye leseni. Na bwana harusi mgeni aulize mapema hati ya kwao inayothibitisha kuwa hana kizuizi cha kuoa, kwani ofisi huiomba, nayo haipatikani kwa siku moja.

Kwa dada yetu aliyeuliza, njia ni kurudi kwa aliyewafungisha ndoa, walii na wale mashahidi wawili, waende kwa kadhi mwenye leseni au ofisi ya usajili na kuomba ndoa iliyokwishafungwa isajiliwe, kwa tarehe yake ya kweli. Wako wanaoshauri wafunge nikaha ya pili ili wapate cheti kipya. Kisharia, kurudia tamko la nikaha baina ya mume na mke hakuvunji ndoa ya mwanzo kwa rai yenye nguvu kwa Mashafii. Lakini kwenye viza hilo huleta balaa: picha za harusi zina tarehe moja, cheti kina tarehe nyingine, na fomu mume ameijaza kwa kukumbuka ya kwanza. Afisa akiona tarehe mbili haulizi fiqhi, anaandika kuwa maelezo hayaaminiki.

Majina nayo yamewatesa watu wengi kuliko fedha. Mwanamke ana jina la kitambulisho cha NIDA, jina la cheti cha kuzaliwa, na jina analoitwa nyumbani, na mara nyingi lililoandikwa kwenye cheti cha ndoa ni lile la nyumbani. Mwisho wa siku ya nikaha, kabla ya sahani za biriani hazijapangwa, mtu mmoja mwenye macho mazuri akae na cheti na paspoti zote mbili asome herufi moja moja. Tofauti ikishatokea hurekebishwa kwa hati ya kiapo au kwa kusahihisha cheti penyewe, na hilo huchukua wiki. Cheti kikiwa kwa Kiswahili kitahitaji tafsiri iliyothibitishwa, na si tafsiri ya binamu anayejua Kiingereza.

Nikaha ya wakala na nikaha ya simu

Kwa kuwa mume yuko mbali, wengi huuliza kama wanaweza kufunga ndoa kwa video. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Jedda mwezi Machi 1990, lilipojadili mikataba inayofungwa kwa vyombo vya mawasiliano liliiruhusu mikataba mingi, lakini likaitoa nikaha, kwa sababu ya sharti la mashahidi. Wako wanavyuoni waliofuata ambao wamelegeza, nasi hatuwalaumu, lakini hatuoni haja ya kuingia katika khitilafu wakati mlango wa wakala uko wazi. Mume humwakilisha mtu mmoja aliye Ilemela amkubalie nikaha, na mashahidi wakasikia ijabu na kabuli kwa masikio yao. Ummu Habiba (R.A.) aliolewa na Mtume (S.A.W.) akiwa Habasha na Mtume akiwa Madina, na mahari yake yalitolewa na Najashi. Kwa hiyo ndoa ya kuvuka bahari kwa wakala ina asili ya tangu zama za Mtume.

Lakini kusihi kisharia si kukubalika kwenye viza, na hapa kila nchi ina lake. Uingereza huangalia kama ndoa ilikuwa halali katika nchi ilipofungwa, ila inashurutisha kwamba wawili hao wawe wamekutana ana kwa ana. Marekani haimhesabu mume au mke aliyeolewa kwa wakala mpaka wawe wameingiliana baada ya nikaha hiyo. Kukutana kabla ya ndoa hakutoshi, na lazima kuwe na ushahidi kuwa walikuwa pamoja baadaye, kama mihuri ya paspoti na tiketi. Kanada imefunga kabisa: tangu Juni 2015 ndoa iliyofungwa kwa wakala, simu au intaneti, mmoja wao akiwa hayupo, haitumiki kumdhamini mwenza. Ndugu yetu wa Toronto anayetaka kuoa Ilemela kwa wakala ajue kwamba ameoa kwa Allah, lakini hajaoa kwa ofisi itakayompa mkewe viza.

Kwa hiyo ushauri wetu ni mmoja: mume asafiri, akae mbele ya walii, aandikishe. Gharama ya tiketi ni ndogo kuliko gharama ya ombi lililokataliwa.

Uingereza inataka nini

Tunairefusha kidogo nchi hii kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi. Mume au mke aliyeko kule kwa kawaida awe raia au mwenye ukaazi wa kudumu, na wote wawili wawe wametimiza miaka 18. Kipato chake kwa mwaka, kwa maombi mapya tangu tarehe 11 Aprili 2024, kisipungue pauni 29,000. Kabla ya hapo, tangu 2012, kilikuwa 18,600, na wale walioingia kwa kiwango cha zamani wanaendelea nacho wanapoongeza muda. Aliyeajiriwa kwa mwajiri mmoja kwa miezi sita huonyesha hati za mshahara na taarifa za benki za miezi hiyo, na ni lazima zilingane. Mshahara unaolipwa mkononi, au duka la mjomba lisiloandika hesabu, hausaidii kitu. Kipato cha mke aliyeko Ilemela hakihesabiwi katika ombi la kwanza. Asiye na kipato hicho anaweza kuonyesha akiba, na akiba peke yake inatakiwa ifike pauni 88,500. Wanaopokea baadhi ya malipo ya ulemavu au ya kumhudumia mlemavu hawapimwi kwa kiwango hicho.

Mke naye hufanya mtihani wa kusema na kusikiliza Kiingereza wa daraja la mwanzo kabisa, kwa taasisi iliyoidhinishwa, na hupimwa kifua kikuu kwenye kituo kilichoidhinishwa. Ombi hujazwa kwenye mtandao, lakini alama za vidole ni Dar es Salaam. Aliyeko Kayenze au Sangabuye apange safari moja ya kumaliza yote. Ada ya ombi ni kama pauni elfu mbili, na juu yake kuna malipo ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka. Fedha hizi ziwekwe tayari kabla ya harusi. Tumeona harusi za siku tatu zenye tarumbeta, kisha familia inachangishana ada ya viza kwa mwaka mzima.

Akikubaliwa hupewa miezi 33, kisha huongezewa 30, na baada ya miaka mitano anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Katika kila hatua huulizwa kama wanaishi pamoja.

Marekani njia ni nyingine. Mume huanza kwa fomu I-130 ya kuthibitisha ndoa, faili hupita kwenye kituo cha viza, na mwisho ni mahojiano ubalozini Dar es Salaam. Mdhamini husaini ahadi ya kumtunza mwenzake kwa kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umasikini cha serikali yao. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili siku ya kuingia, ukaazi huwa wa masharti kwa miaka miwili. Amri za rais wa nchi ile zinaweza kubadilisha mlango huu kwa siku moja, basi anayehusika asome ukurasa wa ubalozi wiki ile ile anayotaka kulipa.

Oman, ambako wengi wetu tuna damu zetu, imelegeza jambo moja kubwa. Zamani Muomani aliyetaka kuoa mgeni alihitaji ruhusa ya serikali kwanza, kwa amri ya mwaka 1993. Amri ya Sultani namba 23 ya mwaka 2023 imeliondoa sharti hilo. Iliyobaki ni kuthibitisha hati: cheti kipite Wizara ya Mambo ya Nje ya Tanzania na kisha ubalozi wa Oman. Walii wa Ilemela asikubali kuambiwa kwamba ndoa inafichwa kwa sababu Muscat hawaruhusu. Hoja hiyo imekwisha.

Mke wa pili na talaka isiyo na hukumu

Hili ndilo lenye machozi mengi. Mwanamme ana mke Birmingham aliyemuoa kwa sheria ya huko. Anakuja Mwanza, anaoa mke wa pili kwa nikaha sahihi, na anaahidi kumchukua. Kisharia ana ruhusa akiweza uadilifu. Lakini kwa sheria ya Uingereza, mtu mwenye makazi ya kudumu kule akiwa na mke hawezi kuoa mwingine popote duniani, na ndoa hiyo ya pili kwao ni batili tangu mwanzo. Marekani na Kanada nazo hazimkubali mke wa pili. Binti huyu hatapata viza ya mke hata akingoja miaka kumi. Ni juu ya walii kuuliza waziwazi, mbele ya watu: una mke kule? Ndoa yenu imeandikishwa kwa serikali? Na ni juu ya mume kusema kweli. Kuficha aibu ya bidhaa sokoni ni haramu, seuze kuficha jambo litakalomfunga mwanamke umri wake wote.

Kuna wanaotafuta ujanja: anamwacha mke wa kwanza "kwenye karatasi tu" mahakamani, wanaendelea kukaa pamoja, kisha anamwombea viza wa pili. Jee, talaka imepita? Jawabu linahitaji uangalifu. Akitamka kwa ulimi wake, mbele ya kadhi au hakimu, tamko la wazi la talaka, imepita, hata akisema hakukusudia, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa talaka ni katika mambo ambayo mzaha wake ni kama kweli yake. Akiwa ametia saini tu karatasi bila kutamka, kwa Mashafii maandishi ni kinaya na hurejewa nia yake. Na kwa hali zote mbili ameidanganya mahakama na ofisi ya uhamiaji chini ya mkataba wa kuishi katika nchi yao, na Allah (S.W.) ametuamrisha mwanzo wa Suratul Maida kutekeleza mikataba. Wanaodhani kuwadanganya wasiokuwa Waislamu ni halali hawana dalili.

Aliyeachwa kikweli naye ana shida yake. Bara, talaka ya sheikh peke yake haitoshi kwa serikali. Utaratibu ni kwenda kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na BAKWATA wanayo mabaraza hayo. Likishindwa kusuluhisha hutoa hati, na mahakama, ikionyeshwa kuwa talaka ya Kiislamu imekwishatolewa, hutoa hukumu ya kuvunja ndoa. Mwanamke wa Pasiansi aliyeachwa mwaka 2019 kwa karatasi ya msikitini, eda ikaisha, na sasa anaposwa na mtu wa ng'ambo, yuko huru kisharia kuolewa. Lakini akijaza fomu ataulizwa hukumu ya mahakama. Aitafute kabla ya nikaha mpya. Kwa upande wa pili, talaka inayotamkwa ndani ya ardhi ya Uingereza, hata na Baraza la Sharia la huko, serikali yao haiitambui bila ya mahakama yao. Mume atakuja Ilemela akiamini hana mke, na nchi yake inamhesabu anaye.

Ndoa ya kununua makaratasi

Tumeulizwa pia juu ya mtu anayelipwa fedha ili amuoe binti, ampatie viza, kisha waachane. Ikiwa muda umetajwa ndani ya akdi, hiyo ni mut'a na ni batili kwa Ahlus Sunna. Ikiwa haukutajwa lakini wote wawili wamekusudia moyoni, wanavyuoni wengi wanaihesabu akdi kuwa ni sahihi kwa dhahiri yake, na hapo ndipo mtego ulipo: binti yule ni mke wa mtu, ana eda, anarithi na anarithiwa, na hawezi kuolewa na mwengine mpaka aachwe. Wako waliokwenda ng'ambo kwa mume wa kukodi wakaolewa na mwingine bila ya talaka, na matokeo yake hatuhitaji kuyataja. Dhambi ya udanganyifu iko pale pale. Na Marekani, aliyethibitika kufunga ndoa ya hila kwa ajili ya ukaazi hakubaliwi tena ombi lolote la kuletwa na jamaa, hata akija kuolewa ndoa ya kweli.

Mgeni anayekuja Ilemela

Upande wa pili ni mke au mume mgeni anayehamia kwetu. Uhamiaji ni jambo la Muungano, kwa hiyo sheria ni moja Mwanza na Unguja. Mke wa kigeni wa Mtanzania huingia kwa viza ya kawaida kisha huombewa hati ya mtegemezi, kwa cheti cha ndoa, kitambulisho cha mume na barua yake ya kumdhamini. Asiachwe akakaa kwa viza ya utalii mpaka ikapita. Na hati ya mtegemezi si ruhusa ya kazi. Akitaka kusomesha skuli au kufungua duka Kirumba atahitaji kibali cha kazi kwa sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015.

Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wana wepesi zaidi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kufanya kazi Julai 2010, inampa mgeni wa nchi mwanachama pasi ya kukaa mpaka miezi sita, na mfanyakazi anayehamia kwa mkataba ana haki ya kuja na mke au mume na watoto. Kongo nayo imeingia Jumuiya mwaka 2022. Lakini pasi ya mgeni si makaazi, na mfanyabiashara wa dagaa aliyeoa Kirumba asidhani nikaha imemfanya mwenyeji.

Katika uraia kuna tofauti ambayo wengi hawaijui mpaka wamekwisha oa. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mke wa kigeni wa Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Mume wa kigeni wa mwanamke wa Kitanzania hakutajwa. Yeye hupita njia ya kila mgeni: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na miaka saba katika kumi iliyotangulia, na ajue Kiswahili au Kiingereza. Na yeyote anayepewa uraia wetu huacha wa kwao, kwani mtu mzima haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili. Watoto wao hubaki na uraia wa pande zote mpaka miaka 18, kisha huchagua. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kitafutwe mapema, chenye jina la baba kama lilivyo kwenye paspoti.

Bwana asiyekuwa Muislamu anayetaka kumuoa binti yetu, kusilimu kwake kuwe kabla ya nikaha, si asubuhi ya harusi kwa kukamilisha fomu. Ndoa ya bomani baina ya Muislamu mwanamke na asiyekuwa Muislamu itampatia viza, lakini kisharia si ndoa.

Mahari, gharama na haki ya anayesubiri

Baadhi ya familia zinakubaliana kuwa "viza ndiyo mahari". Hili halifai. Mahari ni kitu kinachojulikana na kinachowezekana kukabidhiwa, na viza iko mikononi mwa serikali ya watu. Likitokea, akdi ni sahihi lakini kutajwa huko ni batili, na mke anastahiki mahari ya mfano wake, yaani wanayopewa wanawake wa kwao. Ada za viza ni juu ya mume anayemtaka mkewe amfuate, na asizikate katika mahari.

Muda wa kusubiri hausimamishi nafaka, maadamu mke yuko tayari kumfuata mumewe na kinachozuia ni viza. Mume wa ng'ambo anayetuma salamu kila siku na fedha mara moja kwa miezi minne ana deni. Na mke ana haki nyingine ambayo wazee huona haya kuitaja. Umar (R.A.) alimuuliza binti yake Hafsa (R.A.) mwanamke anaweza kuvumilia kiasi gani bila ya mumewe, akaweka ukomo kwa askari wake, na riwaya zinataja miezi minne au sita. Tunapendelea ombi la viza liingizwe mara tu cheti kinapotoka, na mume arudi kumwona mkewe ndani ya kipindi hicho. Akiridhia mwenyewe kungoja zaidi, hiyo ni haki yake aliyoisamehe, na anaweza kuidai tena. Asiporidhia, mume akakata nafaka au hajulikani alipo, aende kwa kadhi kuomba faskhi, na akiwa Bara apite Baraza la Usuluhishi na mahakamani ili hati zake zikae sawa.

Ombi la Uingereza likikataliwa kwa msingi wa haki ya familia, aliye nje ana siku 28 za kukata rufaa tangu apate barua. Mara nyingi huwa bora kusoma sababu iliyoandikwa na kuomba upya kwa kilichopungua, ikiwa kasoro ni hati ya benki au mtihani. Ikiwa sababu ni kwamba hawaamini ndoa yenyewe, rufaa ina maana zaidi, na wakili mwenye leseni ya kazi hiyo atafutwe kule aliko mume. Dada aliyeuliza asilipe tena ada yoyote mpaka cheti chenye tarehe ya kweli kiwe mkononi.

Wallaahu a'lam.